Mama Kilo Ngapi, Mkunga wa Chumba cha Siku ya Kwanza

Mkunga tunayemzika leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 11 Juni 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa tiketi za reli, na mama yake alishona sare za shule. Uzito aliozaliwa nao haukuandikwa popote, na jambo hilo lilimuudhi hadi uzeeni. Kila alipomuuliza mama yake, alijibiwa, "Ulikuwa mzito wa kubebeka. Unataka nini zaidi?"

Jina lake kamili liko kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Hapa ataitwa alivyoitwa. Wafanyakazi wenzake na mumewe walimwita Sista. Wajawazito aliowahudumia kwa miaka thelathini na saba walimwita Mama Kilo Ngapi, na sababu yake itaelezwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1969. Wakati huo mtoto alijua jedwali la kumi na mbili kwa kichwa, na aliyelisahau hakuwa na kifaa cha kumkumbushia zaidi ya masikio yake mwenyewe kuvutwa. Yeye hakuvutwa. Alihesabu kila kitu: ngazi, madirisha, vifungo vya koti la mwalimu. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga mwaka 1974, akahitimu mwaka 1978 akiwa wa pili katika darasa la watu ishirini na sita. Aliyekuwa wa kwanza aliacha kazi mapema akafungua duka la vitambaa. Kwa hiyo Sista alipenda kusema kwamba wa kwanza ni yeye, ila matokeo yalichelewa kufika.

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 1978, alianza kazi katika kliniki ya wajawazito, na hakuhama hadi alipostaafu. Alipangiwa chumba ambacho mama mwenye mimba huingia siku yake ya kwanza. Kilikuwa na mlango wa kijani, benchi moja, mizani ya kusimama yenye jiwe la kusogezwa kwa kidole, mistari ya urefu iliyochorwa ukutani kwa penseli, na dirisha lililotazama tangi la maji. Wakunga wengi walipenda chumba cha kujifungulia, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vilio na shangwe. Chumba cha siku ya kwanza kilionekana cha kujaza kadi tu. Naye mwanzoni alikiona hivyo.

Mizani ndiyo iliyomkutanisha na mumewe. Mwaka 1980 aliingia katika karakana ya fundi mizani akiwa amekumbatia mizani ya watoto wachanga, na mfukoni ana paketi mbili za chumvi za kilo moja moja.

"Fundi, mizani yako inadanganya."

"Mizani haina sababu ya kudanganya, Sista. Labda watoto."

Akaziweka paketi mbili juu yake. Mshale ukasoma kilo mbili na robo. Fundi akatafuta bisibisi. Wiki iliyofuata Sista alirudi na mizani nyingine, nayo ilikuwa na kosa dogo. Wiki ya tatu alileta isiyo na kosa lolote. Fundi aliifungua hivyo hivyo, akaipangusa, akaifunga, akamwambia airudishe Alhamisi kwa uangalizi. Kuirudisha, aliirudisha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1981. Fundi alikuwa ameishia darasa la sita, mengine akajisomea kwenye magazeti yaliyofungia vipuri. Wapo waliomwuliza Sista kama hakupata mwenye cheti. Aliwajibu kwamba vyeti anavyo yeye, vinatosha watu wawili.

Mimba ya kwanza ilikuja mwaka 1983. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo mkunga peke yake angeweza kulifanya. Wakunga walikuwa na heshima zao: mwenzao hakupanga foleni wala hakuvua viatu mbele ya wagonjwa. Kadi yake ilijazwa katika chumba cha chai, yeye mwenyewe akitaja na rafiki yake akiandika. Uzito? "Weka sitini na tano." Alikuwa hajapanda mizani tangu harusi, na siku alipopanda, mwezi wa tano wa mimba, ilisoma themanini na mbili. Kisukari kwenye ukoo? "Ruka hapo." Mama yake alikuwa nacho. Sukari ya damu haikupimwa, maana wakati huo haikupimwa ya mtu asiyelalamika, na yeye hakulalamika. Alikuwa na kiu tu. Mumewe alimletea chupa mbili za soda kila jioni, akarudisha chupa tupu dukani kwa fahari, na majirani wakamsifu kwamba anajua kutunza mke. Siku hizo mke mnene na mtoto mkubwa walikuwa ushahidi wa nyumba njema. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Binti yao alizaliwa Alhamisi, tarehe 19 Aprili 1984. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama kwa dakika nne. Aliyemvuta alimwokoa, lakini mshipa wa fahamu wa mkono wa kulia ulijeruhiwa, na mkono huo haukuinuka tena kupita kiwiko. Fundi, aliyekuwa amerekebisha mizani ya wodi kwa mikono yake wiki hiyo hiyo, alisoma uzito kupitia mlango ulioachwa wazi, akatoka ukumbini akatangaza, "Kilo tano kasoro gramu mia." Watu wakampigia makofi. Habari ya mkono aliipata alasiri. Tangu hapo hakupenda kupigiwa makofi kwa jambo lolote.

Mtoto wa pili hawakumtafuta. Sista hakulieleza hilo kwa mtu, na mumewe hakuuliza.

Aliporudi kazini, alinunua daftari lenye jalada gumu akalipigia mistari kwa rula. Kila mama ambaye baadaye sukari yake ilionekana haitulii aliandikwa humo mstari mmoja: uzito wake siku ya kwanza, urefu, uzito wa mtoto aliyetangulia, kama kuna kisukari kwa wazazi au ndugu, na mwisho, miezi mingi baadaye, uzito wa mtoto aliyezaliwa. Ili apate namba ya yule mtoto aliyetangulia ilibidi amuulize kila aingiaye, na ndiyo asili ya jina lake.

"Karibu, mama. Vua viatu. Wa mwisho alikuwa kilo ngapi?"

"Sista, hata salamu?"

"Salamu nimekupa, ulikuwa unaitazama mizani."

Aliwauliza sokoni, aliwauliza kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mama mmoja aliyemwona kwa mbali alijificha nyuma ya magunia ya kabichi, kisha akapaza sauti kutoka huko huko, "Tatu na nusu, Sista, usinifuate."

Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimoja. Alitaka kujua kama mtoto wa kukwama mabega angeweza kuonekana anakuja tangu wiki za mwanzo, mimba ikiwa bado siri ya watu wawili, au kama kweli hakuna ambaye angeweza kujua. Kama hakuna ambaye angeweza, basi angelala. Kama ingewezekana, basi kuna mtu alipaswa kuuliza.

Daftari lilimjibu taratibu, na halikumpa jibu la kulala. Mwaka 1989, akiwa na mistari mia moja na nane, alimwendea daktari mkuu. Alimwonyesha kwamba katika mama zake wa sukari, wale waliopata watoto wa kilo nne na zaidi wengi walikuwa wamejionyesha mapema: walikuja wakiwa wazito kabla mimba haijawaongezea kitu, au waliwahi kuzaa mtoto mkubwa, au wana mzazi mwenye kisukari. Uzito walioongeza baadaye haukumwambia mengi kama ule waliokuja nao. Akaomba vijiti vya kupimia sukari, awapime hao asubuhi kabla hawajala, katika wiki ya nane au ya kumi.

"Sista," daktari akasema, "kipimo cha sukari ya mimba kina wiki yake. Ishirini na nne."

"Mtoto haijui hiyo wiki, Daktari."

Alipewa boksi moja kwa mwezi na kuombwa asirudi tena. Alirudi kila mwezi, kuchukua boksi. Safu mpya ikaongezeka kwenye daftari, ya sukari ya asubuhi, na akaona kwamba hata ile iliyopanda kidogo tu, ambayo wengine wangeipuuza, mara nyingi ilikuwa na la kusema mwishoni.

Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya namba zake. Mwaka 1993 alimtisha muuza mboga mmoja, akamwambia mtoto atakuwa mkubwa mno, apunguze chakula. Yule mama alitii kupita kiasi, akazaa mtoto wa kilo mbili na gramu mia moja. Sista aliliandika hilo kwa wino mwekundu, akaenda nyumbani kwake kila Ijumaa kwa miezi mitatu, mtoto akatimia uzito. Alikuwa pia na mwalimu mwembamba asiye na dalili hata moja aliyezaa mtoto wa kilo nne na nusu, na wanawake wazito kwelikweli waliozaa watoto wa kilo tatu bila tatizo. Wanafunzi waliopita chumbani kwake walifundishwa kuzisoma kwanza kurasa hizo, ndipo wasome zile zilizomthibitishia. "Simwambii mtu ale kidogo," alisema. "Namwambia tujue mapema, ili siku ikifika tusiwe wageni."

Alistaafu tarehe 11 Juni 2015 akiwa na mistari mia nne kumi na miwili katika madaftari matano. Kliniki ilimpa saa ya ukutani. Mwaka uliofuata kadi za karatasi ziliondolewa, ikaletwa kompyuta, na katika maswali ya kompyuta hiyo lile lake halikuwemo. Mizani ya jiwe ilitupwa uani. Vifaa vya siku hizi vina betri, vikikosea havirekebishwi, vinatupwa na kununuliwa vingine, na hakuna anayeviwekea paketi ya chumvi kuvijaribu. Karakana ya mumewe ilikuwa imekwisha kufungwa miaka kumi na mmoja kabla, kwa sababu hiyo hiyo. Walikaa wawili nyumbani wakilalamika, na inafaa kukiri kwamba walilalamika kwa raha.

Kisukari chake mwenyewe kilithibitishwa mwaka 1996. Alikipokea kama mgeni aliyeandika barua kabla. Mwaka 2019 figo zilishindwa, na kuanzia hapo alipelekwa hospitali kuu kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu kwa mashine. Alijua majina ya wauguzi wote na uzito wa watoto wao.

Mwezi wa pili mwaka huu binti yake, mwalimu wa hesabu, mwenye miaka thelathini na saba, akiwa ameolewa mwaka wa sita bila mtoto, alikuja nyumbani na kutangaza kwamba ana mimba. Baba yake alikwenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama yake aliuliza, "Wiki ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Kesho asubuhi usile kitu. Nenda ukapime sukari."

"Kliniki wamesema nirudi wiki ya ishirini na nne."

"Wewe ulizaliwa karibu kilo tano. Mimi nina kisukari, bibi yako alikuwa nacho. Na uzito wako, mwanangu, tusidanganyane. Wiki ya ishirini na nne ni mbali."

Binti aliweka mkoba wake mezani kwa mkono wa kushoto, huo anaoandikia ubaoni. "Mama, mimi si daftari lako," akasema. "Tangu nina akili unanitazama huu mkono. Niliposhika kijiko ulinitazama, nilipoolewa ulinitazama. Leo nimekuja na jambo langu la furaha, nalo umelipigia mistari."

Binti aliondoka bila kunywa chai. Siku tatu hakuna simu iliyopigwa, na Sista alimkataza mumewe kuipiga. "Ana haki," alisema. "Muache." Siku ya nne simu ililia, na binti akaomba kuzungumza na baba.

"Baba, mwambie huyo Sista wako ni sita nukta moja. Kabla ya kula."

Sista alikuwa amesimama karibu, amesikia. Ilikuwa juu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kufunika uso kwa kanga, na baada ya dakika moja akauliza kama mwanawe amekula sasa.

Binti alianza kutembea kila jioni na mumewe, akabadilisha chakula bila kujinyima, na mwezi wa nne akaanza sindano za insulini. Sukari ilitulia. Hata hivyo kipimo cha picha cha wiki ya thelathini na nne kilionyesha mtoto mkubwa. Sista aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alisema kwa sauti ya chini, "Basi haikusaidia."

Daktari wao alikuwa msichana wa umri wa kutosha kuwa mjukuu, mwenye kutazama kompyuta zaidi ya watu, na Fundi alikuwa amejiandaa kutompenda. Daktari huyo aliigeuza skrini yake waione. "Ningemwona leo kwa mara ya kwanza, Bibi, ningekuwa na haraka na hofu," alisema. "Nina miezi sita namjua. Chumba kimetengwa, tarehe tunayo, mpasuaji anajua. Atatoka juu, hatapita njia ya mabega kukwama." Kisha akamgeukia binti akamuuliza yeye mwenyewe alizaliwa na kilo ngapi, maana swali hilo hulijazia pembeni, kompyuta haina nafasi yake. Fundi alimsamehe mengi siku hiyo.

Mtoto wa kike alizaliwa kwa upasuaji Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2022, saa nne asubuhi, kilo nne na gramu mia moja na hamsini. Sista alisukumwa hadi mlangoni pa chumba cha watoto. Hakutazama mizani. Muuguzi alipomlaza mtoto, mtoto alishtuka kama washtukavyo wachanga wote, akatupa mikono juu, yote miwili, sawasawa. Sista alimwomba muuguzi amlaze tena. Muuguzi alielewa, akamwinua kidogo, akamlaza tena. Mikono ikapanda tena.

Wiki mbili baadaye binti alikuja na mtoto nyumbani. Sista, ambaye sasa hakuweza kushika kalamu vizuri, aliomba mjukuu aandikwe mstari wa mia nne kumi na tatu, kama mama yake anaridhia. Binti aliridhia. Lakini alichukua daftari la kwanza badala ya la tano, akalifungua ukurasa wa mwanzo, ambao Sista hakuwahi kumwonyesha mtu, hata mumewe. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Sista mwenyewe. Uzito siku ya kwanza: haukupimwa. Kisukari kwa wazazi: kiliachwa. Mtoto: gramu elfu nne na mia tisa, mkono wa kulia. Na pembeni, kwa maandishi madogo ya mwaka 1984, "Mkunga hakuuliza. Mkunga ni mimi."

Binti alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akamweka mtoto mapajani pa babu yake, akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno hayo. Sista hakuwa na miwani, akaomba asomewe.

"Mtoto wa mstari wa kwanza amesoma," binti akasoma. "Hana lawama na mtu."

Sista aliomba asomewe tena. Akasomewa. Akavuta daftari karibu na uso, akalitazama muda mrefu.

"Mwandiko mbaya," akasema.

"Naandika kwa kushoto, Mama."

"Najua, mwanangu."

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 24 Septemba 2022, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi mitatu na siku kumi na tatu. Asubuhi yake alikula, akacheka kwa jambo la mjukuu kupiga chafya, akasema amechoka na akaomba pazia lifungwe. Mumewe alikuwa ameshika mkono wake, na alidhani amelala.

Ameacha mume, fundi wa mizani ambazo hazipo tena. Ameacha binti na mkwe. Ameacha mjukuu mmoja, mwenye wiki tatu na siku tano leo. Ameacha kaka mmoja na dada wawili, na wapwa kumi na mmoja, akiwemo anayesoma maneno haya, aliyeagizwa asiharakishe. Madaftari matano amemwachia daktari aliyetajwa, ambaye ameahidi kuyasoma akianzia na ule ukurasa wa wino mwekundu. Na wapo hapa, nyuma, wanawake ambao hawamo kwenye orodha ya familia lakini waliwahi kuvua viatu chumbani kwake. Familia inawaomba wasogee mbele wakati wa kuweka udongo. Yeye aliwaita kwa majina yao hadi wiki yake ya mwisho.

Mungu ampokee kwa upole ule aliowapokea nao wengine siku yao ya kwanza. Apumzike. Amani anayo.